Je, Wajua? Shanga na Mahame Mengine ya Visiwa vya Lamu

Je, wajua kwamba mji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulianza kukaliwa karibu mwaka 750, ukahamwa karibu mwaka 1425, na tangu hapo hakuna aliyeujenga tena? Piga hesabu. Ni takriban miaka 675 ya watu kuzaliwa, kuoana, kufanya biashara na kuzikana mahali pamoja. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899. Ili iufikie umri huo, itabidi ingoje hadi baada ya mwaka 2570.

Je, wajua kwamba Msikiti wa Pwani, ambao ndio mkongwe katika mji wa Lamu, una maandishi ya mwaka 1370? Wageni huonyeshwa msikiti huo wakaambiwa huu ndio ukale. Wakati maandishi yale yanachongwa, Shanga ilikwisha kupita miaka mia sita, na ilikuwa imebakiza hamsini na kitu tu ya uhai wake.

Je, wajua ilipo? Upande wa kusini-mashariki wa Pate, mwendo wa miguu kutoka Siyu. Anayetoka Lamu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji ulio kati ya Manda na bara, na humo nahodha ndiye hupanga saa, si abiria: maji yakiwa yamekupwa, chombo hukaa kwenye tope na abiria wakabaki kutazamana na kaa wa mikokoni. Ukifika, utakuta gofu la msikiti wa Ijumaa, kuta za nyumba zaidi ya mia, na makaburi ya mawe kwa mamia, yote yamevamiwa na vichaka.

Je, wajua kwamba msikiti huo ni misikiti kadhaa iliyopandana?

Hapa safu hii, ambayo kwa desturi hukimbia, itatulia kidogo. Mwaka 1980 mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton alifika Shanga pamoja na vijana wa kujitolea wa msafara ulioitwa Operation Drake. Akarudi tena na tena hadi 1988, na kitabu chake kikubwa juu ya mji huo kikatoka 1996. Kati ya mahali alipochimba ni ndani ya msikiti wa Ijumaa wenyewe. Chini ya sakafu akakuta mabaki ya jengo la kabla yake, na chini ya hilo jingine, mpaka mawe yakaisha kabisa na kubaki alama za mashimo ya nguzo. Mti huoza, lakini shimo lililochimbiwa mti halipotei: udongo ulioingia baadaye huwa na rangi na ulaini wake, na mwenye jicho lililozoea huliona kama doa la mviringo. Madoa yale yakiunganishwa hutoa ramani ya chumba.

Kilichotokea ni kijumba kidogo cha miti, cha kuswalia watu wachache tu, kilichojengwa, kikachakaa, kikajengwa tena palepale zaidi ya mara moja. Cha kwanza ni cha nusu ya pili ya karne ya 8. Mtume Muhammad alifariki mwaka 632, kwa hiyo hatuzungumzii hata miaka mia mbili baada yake. Timbuktu, ambayo ndiyo hutajwa kwanza watu wanapozungumzia Uislamu wa Afrika kusini mwa Sahara, ilikuwa bado haijaanzishwa. Msikiti wa mawe ulikuja baadaye sana, karibu na karne ya 10, nao ukawekwa juu ya ile ya miti. Hawakuhama hata hatua chache. Vizazi kwa vizazi, waliobomoa na waliojenga walijua ni wapi hasa babu zao waliweka vipaji vya nyuso.

Na je, wajua kwamba zile nyumba za kwanza za ibada hazikuelekea Makka sawasawa? Kutoka Pate, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Majengo ya mwanzo yalikosea, na ya baadaye yakasahihisha. Mimi hapo nawaona watu halisi: wamesilimu, wana imani, lakini hawana wa kuwapimia. Baadaye akaja mjuzi, au mmoja wao akasafiri akarudi na elimu.

Walikuwa nani? Jibu liko kwenye vigae. Vyungu vya tabaka za chini kabisa za Shanga vina michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa kabla ya udongo kukauka, na vyungu vya aina hiyohiyo vimepatikana kandokando ya mto Tana, katika vijiji vya bara na pwani yote hadi Tanzania. Nyumba zao za kwanza zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa majani. Tunaotoka kwenye shule za zamani tulifunzwa kwamba miji ya pwani ilikuwa makoloni ya Waarabu waliokuja na mawe yao, na Mwafrika akaja baadaye kubeba mizigo. Shanga imeigeuza hadithi hiyo juu chini, maana vyungu vya wenyeji na nguzo za miti ndivyo vilivyotangulia, na mawe yakafuata.

Je, wajua kwamba Shanga ilikuwa na fedha yake? Sarafu ndogo mno za fedha, nyepesi hata ungezipuliza zikaruka, zenye majina ya Kiarabu kama Muhammad. Zilifuliwa hukuhuku pwani.

Je, wajua kwamba watu wa Shanga walitengeneza shanga? Ni kweli. Walichukua makombe ya baharini, wakayavunja, wakayasugua kwenye vigae vyenye mifuo mpaka yakawa ya mviringo. Vigae vile vya kusugulia vimeokotwa kwa wingi.

Je, wajua habari za simba wa Shanga? Ni sanamu ndogo ya shaba inayokaa kiganjani, iliyopatikana katika tabaka za karibu mwaka 1100. Simba amekaa kwa namna ambayo mtu wa India angeitambua mara moja, maana afanana na sanamu ndogo za ibada ya Kihindu za uwanda wa Deccan. Lakini Horton alikisia kwamba haikuletwa kutoka India. Aliona kuwa yawezekana ilifuliwa hapahapa pwani, na shaba yake ilitokana na sarafu za Kichina zilizoyeyushwa. Hebu ichukue sentensi hiyo polepole: umbo la Kihindu, madini ya Kichina, moto wa Kiafrika, katika mji wenye msikiti wa Ijumaa. Mjadala wa nani ni Mswahili halisi ungeanzia kwa simba huyu, tungemaliza mapema.

Je, wajua walikula nini? Samaki, bila shaka, lakini wa karibu: wa mikokoni na ndani ya miamba. Mifupa inaonyesha kwamba karne za mwanzo hawakuwa watu wa kina kirefu. Watafiti wa pwani siku hizi husema ni baada ya mwaka 1000 hivi ndipo Waswahili walipogeuka kuwa watu wa bahari kwa ukamilifu, wakivua nje ya mwamba na kuelekeza maisha yote majini. Imepatikana pia mifupa ya mbuzi, ng'ombe, kuku, na hata ngamia. Ngamia, kisiwani! Aliyempandisha ngamia chomboni alistahili ujira wake.

Je, wajua jinsi ya kujenga kwa bahari? Kuna aina ya matumbawe ambayo ukiyakata yangali hai chini ya maji huwa laini, unayachonga kwa shoka na tezo kama mbao. Ukiyatoa juani hukauka yakawa jiwe. Hayo ndiyo yaliyotumika kwa kibla, kwa miimo ya milango na kwa zidaka za ndani. Mwili wa ukuta ulikuwa wa jiwe la kawaida la pwani, lile gumu la kuchimbwa nchi kavu, na chokaa iliyopatikana kwa kupanga magogo kama duara kubwa, kurundika matumbawe juu, kutia moto na kuacha mvua ifanye kazi yake. Dari lilikuwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Siyu na Pate ni virefu na vyembamba. Mkoko ndio uliokuwa msanifu mkuu.

Je, wajua kwamba boriti hizo zilijenga miji ya mbali pia? Wanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10 waliandika kwamba nyumba za matajiri wa Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanji. Ghuba haina misitu. Sisi tulikuwa nayo, na hata leo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Siraf ilipigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977. Biashara ya boriti haikufa nayo: majahazi ya Ghuba yaliendelea kuja kuzipakia Lamu mpaka karne ya 20, na serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Je, wajua kwamba nyumba za mawe za Shanga, hizo ambazo watalii hupiga picha, ni za karne ya mwisho tu ya mji? Misikiti na majengo machache ya katikati yalitangulia, lakini raia wa kawaida walihamia kwenye mawe katika karne ya 14. Walipaka chokaa, wakaweka zidaka, wakanunua mabakuli ya kijani ya Uchina. Miaka mia moja baadaye, hawapo.

Sasa tuje kwa Wachina, maana najua msomaji amekuwa akiwangoja.

Je, wajua ile hadithi? Jahazi la Kichina lilivunjika karibu na Pate. Mabaharia walionusurika wakafika Shanga, wakakuta mji umetishwa na chatu mkubwa. Wakamuua chatu, wenyeji wakafurahi, wageni wakakubaliwa kukaa kwa sharti la kusilimu, wakaoa. Na jina la mji, husema wasimulizi, ni la Shanghai. Hadithi hii imesimuliwa Siyu na Pate tangu zamani. Mwaka 1999 mwandishi Mmarekani Nicholas Kristof aliipeleka kwenye jarida la New York Times, akaiunganisha na misafara ya jemadari Zheng He, na tangu hapo haikulala. Mwaka 2005 msichana mmoja wa ukoo unaojinasibisha na mabaharia hao alipata ufadhili wa kwenda kusoma Uchina. Baadaye wapiga mbizi walikuja kutafuta jahazi lenyewe katika maji ya Lamu.

Safu hii haina ugomvi na chatu. Ina maswali ya tarehe tu. Misafara ya Zheng He ilianza mwaka 1405 na kwisha 1433, na ilifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya 1415. Kufikia hapo Shanga ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia sita na sitini, na ilikuwa ukingoni mwa kuhamwa. Kama kuna baharia wa Kichina aliyeingia Shanga, alikuta maiti anayesubiri kuoshwa. Mji haukuanzishwa naye. Kinachonikera ni kwamba mji uliojenga msikiti juu ya msikiti kwa karne sita umepata umaarufu duniani kwa sababu ya wageni waliofika, kama walifika, katika muongo wake wa mwisho.

Lakini kuwa hapa, Wachina walikuwa hapa, au walau vitu vyao. Vigae vya Kichina vimo Shanga tangu karne za mwanzo, ingawa vilipitia mikono ya wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alipelekwa hadi kwa mfalme wa Uchina, akashangiliwa kama mnyama wa baraka. Na mwaka 2013, msafara wa watafiti wa Kenya na Marekani wakiongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams uliokota kisiwani Manda sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Mfalme huyo ndiye aliyemtuma Zheng He.

Je, wajua nani aliiua Shanga? Habari za Pate, zile zilizosimuliwa na Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani na kuchapishwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, zinasema ni Pate. Masultani wa Pate waliipiga wakaishinda. Kuna kipande kimoja cha simulizi hizo nikipendacho kuliko vyote: kabila moja la watu wa Shanga, Wakinandangu, walitoweka. Siku moja hawapo, na hapana ajuaye wamekwenda wapi. Siku nyingi zikapita, mpaka mwindaji akaja kumwambia sultani amewaona porini, wamejijengea vibanda. Sultani akawaacha huko huko, na kijiji chao ndicho kilichokuja kuwa Siyu. Ikiwa ni hivyo, basi sultani alifanya kosa ambalo wajukuu zake walilipa, maana Siyu ya karne ya 19, chini ya Bwana Mataka, iliwasumbua Wapate na Waomani wote wawili.

Ukiniuliza mimi, vita peke yake haihamishi watu wa miaka 675. Maji yakiingia chumvi, biashara ikisogea Pate, na jirani mwenye nguvu akiwa mlangoni, watu hufunga virago.

Haya, turudi mbioni.

Je, wajua kwamba ukishuka kwenye ndege ya Lamu hujafika Lamu? Uwanja uko Manda, kisiwa kilichowahi kuwa na miji kadhaa ya mawe.

Je, wajua kwamba mji wa Manda ulikuwa na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe yenye uzito wa hadi tani moja kila jiwe? Ni za karne ya 9 na 10. Neville Chittick, aliyechimba hapo kati ya 1966 na 1978, alikuta pia matofali ya kuchoma, kitu kigeni kabisa kwa pwani hii, ambayo yaelekea yalikuja kama farumi ndani ya vyombo vya Ghuba. Chittick aliamini Manda ilianzishwa na wahamiaji wa Ghuba. Kisha Shanga ikachimbwa, na hoja yake ikakosa pa kukaa.

Je, wajua kwamba Faza ilifutwa mwaka 1587? Wareno walikuja kulipiza kisasi kwa sababu mji ulimpokea Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Waliua watu, wakauchoma, na kwa taarifa zao wenyewe wakakata minazi 10,000. Faza, tofauti na Shanga, ilikataa kufa. Watu wamo hadi leo.

Je, wajua kwamba Lamu yenyewe, kwa mapokeo ya wazee wake, ni zao la miji miwili iliyopigana? Mmoja Weyuni, kaskazini, na mwingine Hidabu. Hidabu imefunikwa na mchanga.

Je, wajua kwamba Takwa, kusini mwa Manda, ilihamwa baada ya kukaliwa miaka mia mbili tu hivi, na wenyewe wakavuka maji wakajenga Shela? Katika kaburi la nguzo lililo nje ya ukuta wa mji kuna tarehe ya Hijria inayoangukia miaka ya 1680. Watu wa Shela huvuka hadi leo kwenda kuomba dua ya mvua kwenye kaburi hilo. Kwenye lipu ya Takwa kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa na watu waliokuwa na muda wa kupoteza. Nayo ni mahali pazuri pa kwenda na watoto: si mbali na Lamu, pamesafishwa, na yapasa tu kuwahi maji ya kurudi.

Je, wajua kwamba mifupa imezungumza? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Manda na Faza. Upande wa akina mama, asili ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Upande wa akina baba, kwa wengi wao, kulikuwa na Waajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Wanahistoria walikuwa wakicheka wazee walipojiita Washirazi. Wazee, inaelekea, hawakuwa wakijipamba tu. Lakini angalia tarehe: mwaka 1000 msikiti wa Shanga ulikuwa tayari umejengwa upya mara kadhaa.

Je, wajua kwamba Wachina wamerudi, safari hii na mkataba? Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa Mei 20, 2021, katika Ghuba ya Manda, na mjenzi alikuwa kampuni ya ujenzi ya China Communications Construction Company. Ng'ambo ya maji hayohayo ndiko ziliko kuta za bahari za mji wa Manda. Mkandarasi wake hakuacha jina.